Ramani za mafuriko za Dar es Salaam

Ramani za mafuriko za Dar es Salaam ni ramani na data za kijiografia zinazoonyesha sehemu za jiji hilo la Tanzania ambazo hujaa maji wakati wa mvua kubwa, kina cha maji hayo na njia yanayopita, pamoja na watu, nyumba, barabara na huduma zilizomo katika njia hiyo. Zilianza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2015 kupitia mradi wa Ramani Huria, uliowatumia wanafunzi wa vyuo vikuu, wakazi wa mitaa, simu janja na ndege zisizo na rubani.

Ramani hizo hutumika kukadiria maji yatafika wapi kabla mvua haijanyesha, kupanga mitaro na madaraja, kuandaa uokoaji na kuamua mahali pasipofaa kujengwa. Kwa sababu hiyo ya mwisho zinagusa pia suala gumu la haki ya makazi ya watu wanaoishi mabondeni.

## Jiji na maji yake

Dar es Salaam ipo kwenye ufuko wa Bahari ya Hindi. Sehemu kubwa ya jiji ni tambarare, nayo imekatwa na mabonde ya mito mifupi inayoshuka kutoka vilima vya upande wa magharibi. Mto unaojulikana zaidi ni Msimbazi, wenye urefu wa kilomita 35 hivi. Huanzia katika vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, hupita maeneo kama Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha huingia baharini karibu na daraja la Selander. Miongoni mwa vijito vyake ni mto Ng'ombe unaopita Sinza na Tandale. Mito mingine ya jiji ni Mpiji, Tegeta, Mbezi na Mlalakuwa upande wa kaskazini, na Kizinga na Mzinga upande wa kusini.

Mvua hunyesha katika misimu miwili: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mvua za vuli huongezeka sana katika baadhi ya miaka, hasa maji ya Bahari ya Hindi upande wa magharibi yanapokuwa na joto kuliko kawaida, kama ilivyotokea mwaka 2019, au wakati wa El Niño, kama ilivyotokea mwaka 1997 na mwaka 2023.

Mvua peke yake haielezi mafuriko. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 100 juu ya paa la bati lenye ukubwa wa mita za mraba 50 humwaga lita 5,000, na juu ya kilomita 1 ya mraba humwaga mita za ujazo 100,000. Ardhi yenye miti na majani hunywa sehemu kubwa ya maji hayo, lakini bati, saruji na lami huyapeleka karibu yote mtaroni, tena kwa dakika chache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 5,383,728. Kila nyumba iliyojengwa katika miaka hiyo iliongeza paa, na mara nyingi ilipunguza nafasi ya maji kupita.

Sababu nyingine za mafuriko ni hizi:

* Mchanga na tope vinavyoletwa na mto kutoka juu, ambavyo hujaza sakafu ya bonde la chini na kupunguza kina cha mto.
* Taka ngumu zinazoziba mitaro na makalavati.
* Ujenzi ndani ya bonde na juu ya mitaro.
* Kujaa kwa bahari. Mvua kubwa ikikutana na maji makuu, mto hushindwa kutoka haraka na maji hurudi nyuma.

## Historia

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mitaa ya jiji iliyojengwa bila kupimwa haikuonekana kwenye ramani. Ramani rasmi zilionyesha barabara kuu, mito na mipaka ya kata, lakini ndani ya kata kama Tandale palikuwa pana nafasi tupu, ingawa watu maelfu waliishi humo. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale walipima na kuchora kata hiyo, wakaweka njia, visima, vyoo, maduka na mifereji yake kwenye OpenStreetMap. Hiyo ni ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na kuitumia bila malipo.

Mwezi Desemba mwaka huohuo jiji lilipata mafuriko makubwa. Mvua iliyonyesha kwa siku chache kuanzia tarehe 20 ilitajwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuwa kubwa kuliko zote jijini tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walifariki dunia, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zilipoteza makazi. Baadhi yao walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji.

Mafuriko hayo yalionyesha pengo kubwa. Waokoaji hawakuwa na ramani ya vichochoro vya mitaa iliyozama, na viongozi hawakuwa na njia ya haraka ya kujua ni nyumba ngapi zilikuwa ndani ya maji.

Mafuriko yalirudi tena mara kadhaa. Yale ya Aprili 2018 yalikadiriwa na Benki ya Dunia kuwa yaliwasababishia wakazi hasara ya takriban dola za Marekani milioni 100, karibu asilimia 2 ya pato la jiji. Bonde la Jangwani, linalokatwa na Barabara ya Morogoro, limefungwa kwa maji mara nyingi. Kwa kuwa mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016 hupita hapo, kila mara bonde linapojaa safari za maelfu ya watu kati ya Kimara, Magomeni na Kariakoo husimama.

## Ramani Huria

Ramani Huria ilianza mwaka 2015. Ilishirikisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Chuo Kikuu cha Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, Benki ya Dunia na shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team. Awamu ya pili iliendeshwa ndani ya mpango wa kuimarisha miji ya Tanzania dhidi ya maafa, uliofadhiliwa na Uingereza kupitia Benki ya Dunia. Baadaye kazi ya aina hiyo iliendelezwa na taasisi ya Kitanzania iitwayo OpenMap Development Tanzania.

Kazi ilifanyika kwa hatua:

1. Picha za anga. Droni nyepesi zenye mabawa zilirushwa juu ya mitaa na kupiga picha nyingi zinazopandana. Programu ya kompyuta huziunganisha ziwe picha moja kubwa ambayo paa moja moja huonekana wazi.
2. Kuchora. Wanafunzi, pamoja na watu waliojitolea kutoka nchi mbalimbali, walichora majengo, njia na mito kwa kufuata picha hizo.
3. Kutembea. Vikundi vya wanafunzi na wakazi viliingia mitaani na simu janja zenye kipokezi cha GPS, pamoja na karatasi zilizochapwa ramani ya mtaa. Waliongeza yale ambayo picha ya juu haionyeshi: jina la njia, shule, zahanati, kisima, na kama jengo ni duka au nyumba ya kuishi.
4. Kupima mitaro. Kwa kila mtaro waliandika upana, kina, umetengenezwa kwa udongo au saruji, na kama umeziba.
5. Kuuliza. Wakazi wa siku nyingi, wajumbe wa mashina na wenyeviti wa mitaa waliulizwa maji yalifika wapi katika mafuriko yaliyopita.
6. Kuhakiki. Ramani ilirudishwa kwa viongozi wa mtaa ili makosa yasahihishwe.

Mradi ulichora pia mipaka ya mashina. Shina ni kundi la nyumba lenye mjumbe wake, na kwa mkazi wa kawaida ndilo anwani inayoeleweka. Mtu anayeomba msaada usiku wa mafuriko hawezi kutaja latitudo na longitudo, lakini anaweza kumtaja mjumbe wake.

## Aina za data zinazohitajika

Mfumo wa taarifa za kijiografia, unaojulikana kwa kifupi chake GIS, hupanga data kwa matabaka yanayolazwa moja juu ya jingine. Kwa mafuriko ya mjini matabaka muhimu ni haya:

* Mwinuko wa ardhi. Maji hufuata mteremko, kwa hiyo hili ndilo tabaka la msingi. Data za bure za dunia nzima zilipatikana kwa chombo cha anga cha Marekani kilichopima mwinuko kwa rada Februari 2000. Kila pikseli yake ni mita 30 hivi kwa 30, na kosa la kimo linaweza kufikia mita kadhaa. Kwa mlima kosa hilo ni dogo, lakini katika bonde tambarare kama Jangwani tofauti ya mita 1 huamua nyumba ipi izame na ipi ipone. Picha za droni hutoa vipimo vya karibu zaidi, ingawa hupima pia paa na vilele vya miti, ambavyo inabidi viondolewe ili uso wa ardhi ubaki.
* Mvua. Hutoka kwenye vipimamvua, rada ya hali ya hewa na satelaiti. Vipimamvua ni sahihi mahali vilipo tu. Mvua inaweza kupiga Pugu huku katikati ya jiji kukiwa kukavu. Satelaiti huona eneo lote, lakini kwa vipande vikubwa vya kilomita 10 hivi.
* Mito, mitaro na makalavati. Ramani lazima ionyeshe si mahali mtaro ulipo tu, bali pia uwezo wake wa kubeba maji.
* Hali ya uso wa ardhi. Msitu, shamba, uwanja wa mchanga, lami na bati havinywi maji kwa kiwango kimoja.
* Majengo na watu. Bila tabaka hili ramani huonyesha maji tu, haionyeshi maafa.
* Kumbukumbu za mafuriko yaliyopita. Hizi hutumika kupima kama hesabu za kompyuta ni za kweli.

## Kutoka ramani hadi utabiri

Utabiri wa mafuriko huunganisha maswali matatu. La kwanza ni kiasi gani cha mvua kitanyesha. Hili hujibiwa na wataalamu wa hali ya hewa. La pili ni kiasi gani cha mvua hiyo kitafika mtoni na kwa muda gani. Hujibiwa na modeli ya hidrolojia, ambayo hutumia mwinuko na hali ya uso wa ardhi. La tatu ni maji yatasambaa wapi yakizidi ukingo wa mto. Hujibiwa na modeli ya mwendo wa maji, ambayo hutumia umbo la bonde, madaraja na mitaro.

Modeli huendeshwa kwanza kwa mvua iliyokwisha kunyesha. Ikiwa kompyuta inasema nyumba fulani ilizama hadi dirishani na mkazi anasema maji hayakuvuka kizingiti, modeli ina kosa na hurekebishwa. Mara nyingi mkazi hutaja kina kwa mwili wake: kifundo cha mguu, goti, kiuno au kifua. Kipimo hicho hugeuzwa kuwa sentimita, na alama ya tope iliyobaki ukutani hukithibitisha.

Baada ya hapo modeli hujaribiwa kwa mvua za ukubwa mbalimbali. Wataalamu husema "mafuriko ya miaka 10" au "mafuriko ya miaka 100". Maneno haya hueleweka vibaya mara nyingi. Mafuriko ya miaka 100 si yale yanayokuja mara moja kila baada ya miaka 100. Ni yale yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote, hata kama yalitokea mwaka jana. Anayejenga nyumba katika eneo hilo na kuishi humo miaka 30 ana uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kuyapata angalau mara moja. Kwa mafuriko ya miaka 10, uwezekano wa kuyapata ndani ya miaka 10 ni takriban asilimia 65.

Hatua ya mwisho ni kulinganisha eneo litakalozama na tabaka la majengo na watu. Programu huria ya InaSAFE, iliyoanzishwa Indonesia kwa ushirikiano wa serikali ya nchi hiyo, Australia na Benki ya Dunia, hufanya kazi hiyo: hukadiria idadi ya watu watakaoathirika, majengo na barabara zitakazozama, na mahitaji ya chakula na maji kwa watakaohama. Programu hiyo ilitumika pia katika kazi za Ramani Huria.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa siku zijazo kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Taarifa hizo hutaja mkoa au ukanda. Ramani ya mafuriko ndiyo inayoweza kuteremsha taarifa ya mkoa hadi ngazi ya mtaa, ili anayesikia redioni kwamba kutakuwa na mvua kubwa mkoani Dar es Salaam ajue kama yeye ni miongoni mwa wanaotakiwa kuhama.

Muda wa kujiandaa hutofautiana na ukubwa wa mto. Katika mto mkubwa kama Rufiji maji huchukua siku kadhaa kusafiri kutoka nyanda za juu hadi pwani. Katika mito mifupi ya Dar es Salaam huchukua saa chache tu, na katika mitaro ya mitaa huchukua dakika. Kwa hiyo utabiri unaosubiri maji yapande mtoni humfikia mkazi wa bondeni akiwa tayari amezingirwa. Maamuzi yanapaswa kutegemea mvua inayotabiriwa na ramani iliyoandaliwa mapema.

## Satelaiti na mipaka yake

Satelaiti za rada, kama Sentinel-1 za Umoja wa Ulaya zilizoanza kurushwa mwaka 2014, huweza kuona ardhi usiku na kupitia mawingu. Maji yaliyotulia huakisi mawimbi ya rada upande mwingine, hivyo huonekana meusi kwenye picha. Njia hii ilisaidia sana Msumbiji mwezi Machi 2019, wakati kimbunga Idai kilipofunika nyanda za karibu na Beira kwa maji kwa siku nyingi.

Katika mitaa ya Dar es Salaam faida yake ni ndogo zaidi. Kuta na mapaa yaliyosongamana huvuruga mawimbi ya rada, na maji kati ya nyumba hayaonekani vizuri. Pia satelaiti moja hurudi mahali palepale baada ya siku 12, ilhali mafuriko ya mtaani huweza kuja usiku na kukauka mchana. Mafuriko mengi ya jiji kwa hiyo hayajapigwa picha na satelaiti yoyote. Kumbukumbu za wakazi si kijazio cha data za kisayansi katika hali hii. Mara nyingi ndizo data pekee zilizopo.

Vivyo hivyo mifumo ya utabiri wa dunia nzima, kama ule wa Umoja wa Ulaya na ule wa kampuni ya Google, imeandaliwa kwa mito mikubwa kuliko kwa mitaro ya mijini.

## Matumizi katika kuzuia mafuriko

Kuzuia mafuriko kabisa ni vigumu, lakini madhara yake hupunguzwa. Ramani husaidia kwa njia zifuatazo:

* Kusafisha mitaro. Ramani ikionyesha mtaro mmoja ulioziba unaozamisha nyumba nyingi, mtaa huanza na huo kabla ya masika.
* Kujenga mitaro na madaraja. Ukubwa wa kalavati hukadiriwa kwa eneo lote linalomwaga maji kwake, si kwa mtaa mmoja. Mtaro ukipanuliwa juu bila kupanuliwa chini, mafuriko huhamishiwa kwa jirani. Mradi wa uendelezaji wa jiji ujulikanao kama DMDP ulijenga mitaro na barabara katika mitaa mbalimbali, pamoja na kuimarisha mto Ng'ombe.
* Kulinda maeneo ya juu. Misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi hupunguza kasi ya maji na mmomonyoko wa udongo katika chanzo cha Msimbazi.
* Afya. Katika mitaa yenye vyoo vya shimo baadhi ya watu hutapisha vyoo wakati wa mvua ili maji yachukue uchafu. Ramani inayoweka vyoo, visima na njia ya maji pamoja huonyesha hatari ya kipindupindu.
* Uokoaji. Njia zisizozama, shule na viwanja vilivyo juu vinaweza kuchaguliwa mapema kuwa mahali pa kukimbilia.

Mwaka 2018 wataalamu, viongozi na wakazi walifanya mfululizo wa warsha kuhusu bonde la Msimbazi. Matokeo yake yalikuwa mpango unaopendekeza kulinda bonde la juu, kudhibiti mchanga na taka katikati, na kulifanya bonde la chini kuwa hifadhi ya maji na bustani ya jiji, na kingo zake kuinuliwa kwa ajili ya ujenzi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, pamoja na michango ya Hispania na Uholanzi. Mradi unajumuisha daraja jipya la Jangwani.

## Ramani na haki ya makazi

Mstari unaochorwa kwenye ramani ya mafuriko unaweza kumwokoa mtu au kumhamisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Mwezi Desemba 2015 na Januari 2016 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi ziliwekwa alama ya X nyekundu, na mamia kadhaa yalibomolewa. Serikali ilieleza kuwa maeneo hayo ni hatarishi na ujenzi wake ni kinyume cha sheria. Baadhi ya wakazi walijibu kwamba waliishi hapo miaka mingi, walilipa kodi ya majengo na waliunganishiwa umeme na maji.

Katika mradi wa Msimbazi ulioidhinishwa mwaka 2022 njia nyingine ilifuatwa: nyumba zilizomo katika eneo la mradi zilifanyiwa tathmini ili wahusika walipwe fidia. Hata hivyo kiwango cha fidia kilijadiliwa sana.

Wanaoishi mabondeni kwa kawaida wanaijua hatari. Hubaki kwa sababu kodi ya chumba ni nafuu na kazi ipo karibu: Kariakoo, bandarini, viwandani na sokoni. Mtu akipelekwa mbali na kazi yake, nauli hula kipato, na wengine hurudi bondeni. Ramani ya majengo haionyeshi pia kuwa nyumba moja ina wapangaji wa familia tano au sita, ambao hawaonekani katika orodha ya wenye nyumba.

Kwa sababu hizi uhuria wa data una pande mbili. Data zilizo wazi humwezesha mkazi kuona kilichoandikwa juu ya mtaa wake na kukipinga. Lakini pia wakazi wanaweza kuogopa kuonyesha maji yalifika wapi, wakidhani jibu lao litaleta alama ya X mlangoni. Palipo na hofu hiyo majibu hupungua ukweli, na ramani hupoteza usahihi unaohitajika kuokoa maisha.

## Upungufu

* Ramani huchakaa. Nyumba mpya, mtaro ulioziba na mto uliohama baada ya mafuriko hubadilisha njia ya maji. Data za mitaro zenye umri wa miaka mitano zinaweza kupotosha.
* Miradi hutegemea wafadhili. Fedha zikiisha, upimaji hupungua.
* Ramani bora haisaidii kama taarifa haifiki. Wataalamu hutaja nguzo nne za tahadhari ya mapema: kuijua hatari, kuifuatilia, kuwafikishia watu habari, na uwezo wa watu kuchukua hatua. Moja ikikosekana, nyingine hazitoshi.
* Tahadhari zisizotimia hupunguza imani. Mtu aliyehama mara mbili bila mafuriko, na kukuta vitu vyake vimeibiwa, huenda asihame mara ya tatu.

## Mahali pengine

Baadhi ya mbinu za Dar es Salaam zilitoka Jakarta, Indonesia, ambako mwaka 2012 viongozi wa mitaa na wanafunzi walichora mipaka ya mitaa na majengo muhimu kwenye OpenStreetMap kwa ajili ya maandalizi ya mafuriko. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa droni, kazi iliyofanywa na Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Nchini Kenya mto Nzoia, ambao hufurika Budalangi kabla ya kuingia Ziwa Viktoria, umewekewa mfumo wa tahadhari ya mafuriko. Mjini Nairobi kipo kituo cha kikanda cha upimaji na ramani, RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975, ambacho hutoa data za satelaiti kwa nchi wanachama wa Afrika ya mashariki na kusini. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini Kenya na kuzamisha pia maeneo ya Rufiji na Kibiti nchini Tanzania, yalionyesha kwamba haja ya ramani za aina hii haiko katika jiji moja tu.

## Tazama pia

* Mto Msimbazi
* Jangwani
* Tandale
* OpenStreetMap
* Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania
* El Niño